Swichi ya Saba

Garissa, Bulla Iftin
4 Novemba 2024

Idman, binti wa kaka yangu,

Assalamu alaykum. Kabla hujauliza kwa nini sikupiga simu: simu yangu ikilia, nyumba nzima inakuja kusikiliza, na mnara wa huko Elwak nao hufanya kazi siku unayotaka wenyewe. Tena, mwalimu wa ngumbaru alihangaika nami miaka miwili, na leo hati yangu ni nzuri kuliko ya adeer yako Abdille, ndugu wa baba yako, aliyekwenda shule. Kisomali nakisema, Kiswahili nakiandika. Acha niandike. Barua anabeba Yarow, dereva wa basi. Nimemjazia chupa ya chai, asikudanganye kwamba alisafiri na kiu.

Habari yenyewe ni hii. Oveni imefika! Ya stima, ya ghorofa mbili, imetoka Eastleigh juu ya lori ikiwa imefungwa magodoro pande zote. Tanuri la kuni nimelivunja kwa mikono yangu. Miaka kumi na tisa nimeuokea mtaa huu mkate ndani ya moshi, na macho yangu yamesema basi. Nina pia friza, birika la stima na mashine ya kukanda unga. Shule ya bweni ya wasichana inataka mkate wangu kuanzia muhula wa Januari.

Adeer yako alikuja, akavizunguka vitu vyote mara mbili, akasema atamleta Najib, fundi wake wa stima, avifunge. Nikamwambia fundi wa nyumba hii yupo. Ana cheti, ana leseni, yuko Elwak anaweka stima kwenye zahanati, na alisomeshwa kwa fedha za ngamia wangu niliyemuuza. Akacheka. Akasema ngamia yule alipotea siku alipouzwa, na kama msichana atakosea jikoni mwangu, ataweka chini koleo na kurudi nyumbani kutafutiwa kazi ya ofisi, kiti na meza. Wewe unajua neno la Abdille ndani ya ukoo huu tangu baba yako afariki. Nikasema sawa. Nilisema sawa mbele ya watu, Idman. Kwa hiyo usikosee.

Nyuma ya karatasi hii nimenakili maandishi ya kila kibati kilicho nyuma ya kila chombo, herufi kwa herufi. Hata yale ya Kichina nimejaribu.

Eedo wako,
Timiro


Elwak
12 Novemba 2024

Eedo Timiro,

Wa alaykumu salaam. Umeniuza mbele ya watu bila kuniuliza, halafu unaniambia nisikosee! Nilisoma barua yako nikiwa juu ya ngazi na nusura nishuke bila kugusa vidato. Kichina chako kimetufurahisha sana hapa kazini. Mwenzangu mmoja alidhani ni ramani ya visima.

Sasa sikiliza. Oveni yako ni wati elfu sita. Peke yake inavuta ampea ishirini na tano, na ikishaanza kuvuta haina mchezo. Ukiipa waya mmoja na birika na mashine ya unga, jinsi mafundi wengi wa haraka wanavyofanya, waya utapata moto ndani ya ukuta, mahali usipoona.

Wewe umenywesha mifugo kule Kotile kabla hujahamia mjini. Ungewaweka ngamia, ng'ombe na mbuzi kwenye hori moja kwa wakati mmoja? Ngamia angekunywa, mbuzi angekanyagwa. Basi kila mmoja nimempa hori lake. Oveni inapata waya wake mnene, wa milimita sita, kutoka sanduku la swichi hadi ukutani, bila kituo njiani, na breka yake, ile swichi inayojikata yenyewe, ya ampea thelathini na mbili. Mashine ya unga ina waya wake, friza ina wake, ili siku jambo likiharibika jikoni nyama isioze. Birika na vidogo vingine vitakuwa kwenye soketi za juu ya meza, mbali na sinki. Soketi za vyumbani peke yake, taa peke yake. Hizo ni sita. Mchoro uko ndani ya bahasha. Kalamu nyekundu ni oveni.

Sanduku nunua la nafasi saba. Ya saba iache tupu.

Nina ruhusa ya siku kumi na mbili mwezi wa Desemba. Ukuta uwe umepigwa mifereji nitakapofika, na waya wote nitaulaza mwenyewe. Mtu mwingine asiguse.

Binti yako,
Idman


Garissa
20 Novemba 2024

Idman,

Mchoro nimeubandika ukutani kwa unga na maji. Kila anayeingia kuomba chumvi anaoneshwa. Hawo, jirani wa mlango wa kushoto, aliuliza kama ni wa mhandisi kutoka Nairobi. Nikamwambia mhandisi huyu nilimfunga nepi. Billow fundi cherehani, yule wa nyuma ya ua, amefuatisha kila mstari kwa kidole na kusema ni kazi safi kuliko vipimo vyake vya kanzu. Kabla sijaubandika Abdille aliushika juu chini, akautazama sana, akasema si mbaya.

Mambo ya mahori nimeyaelewa mara moja, hukuwa na haja ya mbuzi kukanyagwa. Kitu kimoja tu kimenishinda: nafasi ya saba. Mimi ninunue sanduku lenye shimo tupu? Mtu hajengi zizi la ng'ombe asiyekuwa naye.

Mifereji imepigwa. Njoo.

Timiro


Elwak
28 Novemba 2024

Eedo,

Mtu anayekujua wewe anaacha nafasi. Nyumba yako haijawahi kukaa mwaka mmoja bila kitu kipya kuingia. Nunua la nafasi saba.

Nakuja na Yarow, Ijumaa ya tarehe 13.

Idman


Garissa
3 Januari 2025

Idman wangu,

Siku tisa tangu uondoke na bado watu wanakuja kuangalia ukuta. Nawaambia hakuna cha kuona, waya umo ndani. Wanaangalia hivyo hivyo. Nami nakaa pale na kiti changu. Nimeona fahari maishani, nimeolewa na mwanamume mwema, Allah amrehemu Sugow, nimekwenda Makka. Lakini siku ile ulipopiga magoti na kipima umeme chako, ukainuka na vumbi usoni ukasema "Eedo, washa," na oveni ikawaka, niliingia stoo nikalia. Sasa nimekuambia.

Mkate unapanda vizuri, unaiva pande zote, na macho yangu hayawashi. Shule inafungua wiki ijayo. Mikate mia mbili kila asubuhi, naioka jioni baada ya Alasiri.

Kuna kitu kidogo tu. Jana oveni ilizima yenyewe ikiwa na mkate tumboni. Swichi nyekundu ilikuwa imeshuka. Nikaipandisha, ikawaka. Labda imechoka na safari ya kutoka Eastleigh.

Timiro


Elwak
8 Januari 2025

Eedo,

Breka haichoki. Ikishuka imeona kitu. Usiipandishe tena haraka haraka. Subiri, nusa, gusa ukuta kwa mgongo wa mkono. Kuna harufu ya plastiki? Ukuta una joto?

Andika siku na saa ya kila inaposhuka, na kilichokuwa kinaendelea. Usiache hata moja.

Je, kuna mtu amegusa kitu tangu niondoke? Niambie ukweli.

Idman


Garissa
22 Januari 2025

Idman,

Harufu hakuna, ukuta ni baridi. Waya wako ndani ya ukuta uko jinsi ulivyouacha.

Hesabu uliyotaka ni hii. Alhamisi tarehe 9, jioni. Jumanne tarehe 14, asubuhi, siku ya nikaha ya binti wa Hawo. Nilikuwa naoka keki zao. Alhamisi tarehe 16, jioni. Siku nyingine zote inafanya kazi kama ulivyoniahidi. Haikati papo hapo, inaoka kidogo, robo saa hivi, halafu tap! Alhamisi ile ya 16 mikate themanini ililala. Wasichana walipewa uji mtupu asubuhi, na mwalimu wao alinipigia.

Abdille amesikia. Mji huu hauna siri ya mkate. Alikuja na Najib, wakasimama mbele ya sanduku, Najib akatikisa kichwa bila kufungua kitu na kusema kazi ya mtoto. Nilitaka kumpiga kwa sinia. Abdille amesema mwezi wa Ramadhani ukiandama kabla jambo hili halijakwisha, Najib atang'oa waya wote, na wewe utarudi uweke koleo chini kama tulivyosemezana. Akanikumbusha kwamba nilisema sawa.

Nikarudi kukanda unga.

Timiro


Elwak
29 Januari 2025

Eedo Timiro,

Nimepiga hesabu upya mara nne. Nilianza kwa kujilaumu. Nilijiuliza kama niliukaza vibaya waya kwenye breka, kama kibati cha oveni kilidanganya, kama Najib alisema kweli. Siku mbili sikuweza kula vizuri. Msimamizi wangu akaniuliza kwa nini nakagua kila skrubu ya zahanati mara tatu. Sijawahi kuogopa kazi yangu mwenyewe. Ni hofu mbaya, na sikutakii hata wewe uliyeniletea.

Halafu nikairudia orodha yako. Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi. Maana hata ile ya kwanza, tarehe 2, ilikuwa Alhamisi. Na Jumanne moja ya nikaha.

Eedo, oveni haijui Alhamisi. Watu ndio wanaoijua. Alhamisi jioni Garissa nzima inapiga pasi kanzu za sala ya Ijumaa. Siku ya nikaha pia wanaume wananyoosha kanzu asubuhi. Na kwako hakuna kanzu ya kunyooshwa tangu Sugow afariki.

Pasi tatu za majirani kwenye waya wa oveni ni ampea kumi na tano. Weka birika moja juu yake, weka na oveni, unakaribia hamsini kwenye breka ya thelathini na mbili. Itavumilia robo saa hivi, halafu itashuka. Ndiyo kazi yake.

Uliniandikia kwamba waya wangu ndani ya ukuta uko jinsi nilivyouacha. Nilikuuliza kama kuna mtu amegusa kitu. Hukujibu swali hilo.

Breka ile inalinda waya wangu mnene. Hailindi waya mwembamba wa mtu mwingine. Ule unaweza kuwaka moto na breka isijue. Na mbuzi wa Garissa anayekula katoni hatashindwa kutafuna waya uliolala uani. Nimemwambia Yarow akuambie kwa mdomo kabla hujafungua bahasha: zima nyekundu, na isiwashwe mpaka kila kilichoongezwa kiondolewe.

Nani kaunganishwa?

Idman


Garissa
5 Februari 2025

Mwanangu,

Yarow alipiga hodi akapiga kelele "Zima!" mbele ya wateja wangu wote. Nimezima.

Ni Hawo na Billow, na nyumba ya mama mkongwe aliye baada ya Billow. Hawajafungiwa mita, wanangoja zamu. Hawo ana mgonjwa wa sukari, dawa yake inataka baridi. Jioni ya siku uliyoondoka alikuja kuomba barafu. Nilimpa. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu niliona aibu. Mimi nimekulia kisimani, Idman. Mwenye maji akimwona jirani anachota kwa kikombe na asiseme kitu, watu hulikumbuka jambo hilo hadi kwa wajukuu. Nikasema chukueni waya.

Billow ndiye aliyeunga. Alizima kwanza, hilo alijua, akafungua kile kisanduku cha ukutani nyuma ya oveni na kukata kwa mkasi wake wa kitambaa. Mimi ndiye niliyemwonyesha pa kukata. Wewe ulisema waya ule ndio mnene kuliko zote. Nikafikiri, anayeombwa ni mwenye shibe. Ngamia ndiye mwenye maziwa mengi, humwendei mbuzi. Sikujua kwamba maziwa yote ya huyo mnene yalikuwa yameshapimiwa oveni.

Mwanzo nilinyamaza kwa sababu sadaka haitangazwi. Baadaye nilinyamaza kwa woga, kwamba utasema kata, na Hawo atabeba dawa mkononi akizunguka mtaani. Lakini siku Najib aliposema kazi ya mtoto, nilikuwa najua. Nilisimama pale najua, na nikakuacha uchafuliwe jina. Hiyo siyo sadaka. Hiyo ni dhambi, na imenilemea kuliko moshi wa miaka kumi na tisa.

Dawa ya mgonjwa iko ndani ya friza yangu, juu kabisa, Hawo anaingia na kutoka. Nyaya zao zote zimekatwa. Ijumaa baada ya sala nitamwita Abdille, Hawo, Billow na huyo Najib, na nitasema mwenyewe.

Nisamehe.

Timiro


Elwak
13 Februari 2025

Eedo wangu,

Barua yako niliisoma nikakasirika, nikaikunja, nikafanya kazi hadi adhuhuri, nikaisoma tena. Nimekusamehe kabla ya Alasiri. Dawa ya sukari iondoe pale juu leo hii! Friza inagandisha, na dawa ile ikiganda imekufa. Mwambie Hawo anunue nyingine, na kwa sasa aweke kwenye mtungi wa udongo wenye mchanga mbichi. Yarow ataisema kwa sauti tena, samahani.

Sasa nafasi ya saba. Unakumbuka ulivyoitukana?

Nitakuja tarehe 21, siku tatu. Ile nafasi inakuwa ya majirani. Itakuwa na waya wake, breka yake, na kinga ya kukata haraka mtu akiguswa na stima. Waya utaishia kwenye baraza yako, upande wa ua wa Hawo. Nitaweka friji ndogo ya dawa na maziwa, soketi za kuchaji simu na taa, na soketi moja ya pasi pamoja na meza. Pasi moja, Eedo. Wakitaka kunyoosha kanzu Alhamisi, wapange foleni.

Ila waya hautavuka ua. Sheria hairuhusu, na mimi siruhusu. Wewe umekulia kisimani, wajua zaidi yangu: kisima hakibebwi kupelekwa kwa mtu. Mtu ndiye anayekuja na mifugo yake, kwa zamu, na mwenyeji anamkaribisha. Wewe kukaribisha hujawahi kushindwa.

Idman


Garissa
26 Februari 2025

Idman,

Umeondoka juzi na tayari baraza imekuwa na foleni ya Alhamisi, ilhali leo ni Jumatano. Wamekuja mapema kushika nafasi! Billow amejipa kazi ya kusimamia pasi, anafoka kama chifu. Oveni nyuma yangu inaunguruma na haijashuka hata mara moja.

Kuna mambo hukuyaona, acha nikuambie. Siku ile ya Ijumaa nilisema kila kitu mbele ya Abdille. Alimtazama Najib na kumuuliza, "Wewe ulisimama hapa. Mbona hukufungua sanduku?" Najib akatafuta viatu vyake. Kisha wewe ulipofika ukapanda ngazi, adeer yako alivuta kiti uani akajifanya anasoma gazeti. Siku tatu ukurasa ule ule.

Kesho ni Alhamisi. Nitaoka mikate mia mbili ya shule na sitaitazama hata kidogo ile swichi.

Timiro


Garissa
3 Machi 2025

Fundi Idman Bare,

Assalamu alaykum. Ramadhan karim. Mimi si mtu wa barua, eedo wako atakuwa amekuambia juu ya hati yangu.

Mwezi umeandama. Alhamisi nilikwenda kwa dada yangu baada ya Alasiri, nikakaa mbele ya sanduku lako hadi mkate wa mwisho ulipotoka. Pasi ilikuwa inafanya kazi, friji inafanya kazi, oveni inafanya kazi. Hakuna kilichoshuka. Koleo lako baki nalo.

Kuna jambo nimefanya bila kukuuliza. Nimechukua rangi nyeusi na kuchora juu ya mlango wa lile sanduku alama yetu, mstari mmoja na nukta mbili, ile tunayowachoma ngamia wetu shavuni. Baba yangu alinikabidhi chuma chake, na tangu hapo hakuna aliyeitia alama hiyo mahali popote ila mimi. Timiro aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia sasa kila mtu ajue ile ni mali ya ukoo, na anayeigusa bila ruhusa ya fundi wake atajibu kwangu.

Watu wakaniuliza kwa nini alama ya ngamia kwenye kitu cha stima. Nilisema siku ile mbele yao kwamba ngamia wa dada yangu alipotea. Ilinibidi niseme mbele yao hao hao kwamba nimemwona. Yuko ukutani jikoni, na majirani wanakunywa.

Adeer yako,
Abdille